Mwanafunzi afunzwe kutazama kabla ya kueleza

Mwalimu wa sayansi akionyesha darasa chupa ya maji yenye viluwiluwi vya mbu na kuuliza wanafunzi wanaona nini, aghalabu hujibiwa: "Mbu wa malaria." Hilo si jambo lililoonekana bali ni hitimisho, tena huenda likawa la makosa.

Mwanafunzi aliyezoeshwa kutazama ataandika kwanza jinsi viluwiluwi hivyo vilivyokaa. Vya Anofelesi, mbu aenezaye malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa kuwa havina mrija wa kupumulia. Vya Kuleksi huning'inia kichwa chini, mrija ukiwa mkiani. Wakikomaa, mambo hugeuka: Anofelesi hutua akiwa ameinua kiwiliwili mshazari, ilhali Kuleksi hukilaza sambamba na ukuta.

Stadi hii haihitaji maabara, hivyo kisingizio cha uhaba wa vifaa hakina uzito hapa. Chupa ya kioo iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua, na penseli, vyatosha. Mwalimu asitangulize jina la mdudu, kwani akishalitaja wanafunzi huchora picha ya kitabuni badala ya kiumbe kilicho mbele yao. Wanachokisia kiandikwe kando, kama ilivyo katika mtihani wa vitendo wa kemia wa KCSE, ambamo kilichoonekana na kilichohitimishwa hujazwa katika safu mbili tofauti.