Madoa ya Jua na Maji ya Ziwa

Nikiwafundisha wanafunzi wangu habari za madoa ya jua, ambayo huzidi na kupungua kila miaka 11 hivi, niliwatolea mfano wa Ziwa Victoria. Mwaka 1923 Mwingereza C.E.P. Brooks alionyesha kwamba madoa yakizidi, maji ya ziwa hupanda. Wakafurahi, nami nikafurahi zaidi yao.

Kijana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, bibi yangu wa Tana husimulia gharika ya 1961. Madoa yalizidi mwaka huo?"

Tukatazama hesabu. Baina ya 1961 na 1964 mvua zililipandisha ziwa zaidi ya mita 2, na madoa yalikuwa yakipungua! Kumbe uhusiano ule ulikwisha vunjika zamani. Na nguvu ya jua katika mzunguko huo hubadilika kama sehemu moja tu katika elfu. Nikafuta ubao.