Damu Iliyogeuka Herufi

Sogeeni karibu, wanangu. Wengi wenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni Ebola ilipotokea hapa kwetu, mashariki mwa Kongo. Labda wakubwa kati yenu mnakumbuka ndoo za maji ya klorini mlangoni mwa kanisa, na kile kipimajoto kilichoelekezwa kwenye paji la uso. Mimi nakumbuka zaidi nyumba za watoto.

Mwaka 2019, karibu na vituo vya matibabu ya Ebola vya Beni na Butembo, palikuwa na nyumba za kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani wakiugua. Mtoto wa namna hiyo, nani angethubutu kumpakata? Huenda na yeye ameshaambukizwa. Waliowapakata ni watu waliokwisha kuugua wakapona, wale tuliowaita washindi. Waliwanywesha maziwa na kuwabembeleza mpaka wakalala, kwa sababu damu ya washindi hao ilikuwa imejifunza kupigana na ule ugonjwa.

Hicho kinachopigana ndani ya damu kinaitwa kingamwili. Mwili unaitengeneza wenyewe, kama fundi anavyochonga ufunguo kwa kufuli moja tu. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo hadithi inapoanza: je, kingamwili inaweza kuwa mali ya mtu?

Inaweza, kwa njia ya karatasi iitwayo hataza. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaiita breve. Serikali humpa aliyevumbua kitu kipya, na kwa miaka 20 hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza au kukiuza bila idhini yake. Naye analazimika kueleza wazi kinavyotengenezwa, ili muda ukiisha kiwe cha wote. Kongo ina sheria yake ya mambo haya tangu tarehe 7 Januari 1982. Waliotunga sheria za namna hii duniani walifikiria vitu vya kushikika: mashine ya kukoboa kahawa, kufuli, dawa ndani ya chupa.

Na zamani hata ugonjwa ulisafiri kama kitu cha kushikika. Mwaka 1976, kule Yambuku, daktari kijana aitwaye Jean-Jacques Muyembe alichukua damu za wagonjwa bila glavu, kwa kuwa hazikuwepo. Damu ya mtawa mmoja ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai, themosi kama ile ya mama zenu. Mzungu aliyeifungua akawa maarufu. Muyembe alingoja miaka mingi kabla dunia haijalitaja jina lake.

Kisha ikaja Kikwit, mwaka 1995. Mtu mmoja aliugua Ebola huko, akapona. Miaka 11 baadaye wanasayansi walichukua damu yake, wakaikuta ile kingamwili bado imo. Wakaitoa, wakajifunza kuizalisha kwa wingi, wakaiita mAb114. Majina ya Wakongo, Muyembe na Sabue Mulangu, yamo katika maandiko ya kazi hiyo. Taasisi ya afya ya serikali ya Marekani ikaikabidhi leseni kampuni ya Ridgeback, na dawa ikaitwa Ebanga. Mpaka hapo mnaweza kuifuata njia kwa kidole: mtu, damu, chupa, maabara, dawa.

Dawa ya pili ndiyo iliyonifanya niwaite leo. Kirusi cha Ebola ndani yake kina maandishi, herufi kama 19,000, za aina nne tu zinazojirudia. Mashine ikishayasoma, yanakuwa faili kama faili la wimbo kwenye telefoni. Mwaka 2014 mgonjwa mmoja wa Guinea alitolewa damu. Kirusi chake kikasomwa, herufi zikawekwa kwenye hifadhi ya intaneti iliyo wazi kwa kila mtu. Kampuni ya Regeneron, Marekani, ikazichukua herufi hizo. Kwa kuzifuata ikaunda kitu cha kuwadunga panya maalumu, na panya wakatoa kingamwili zinazofanana na za binadamu. Dawa hiyo mwanzoni iliitwa REGN-EB3.

Fikirini mfanyabiashara wa Butembo anayempigia fundi wa Dubai simu na kumsomea vipimo vya mlango. Fundi anauchonga bila kuukanyaga mji huu. Ndivyo ilivyokuwa. Gunia la kahawa likifika mpakani Kasindi, watu wa duane hulifungua na kuuliza limetoka wapi na ni la nani. Herufi hazipiti Kasindi. Hakuna aliyesaini chochote na Guinea.

Dawa zote mbili zilifika kwetu. Kuanzia Novemba 2018, katika Beni, Mangina, Katwa na Butembo, wagonjwa 681 walikubali kuingia katika jaribio la dawa nne. Agosti 2019 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa jibu lilikuwa limeonekana. Kwa waliopewa mAb114 walifariki 35 katika kila 100, na kwa REGN-EB3 kama 34. Kwa dawa mbili nyingine walifariki nusu hivi. Dunia nzima ilijua Ebola ina tiba kwa sababu ya watu wa mitaa hii, na naomba msilisahau hilo mtakaposoma vitabu ambavyo havikulitaja.

Wakati huohuo wanasayansi wa taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa afya, INRB, walikuwa wakizisoma herufi za kirusi chenyewe, damu moja baada ya nyingine: maandishi mapya 744 kati ya Julai 2018 na Aprili 2020. Kirusi kinapojinakili, mara kwa mara hukosea herufi moja hapa, moja pale, na makosa hayo huonyesha nani ameambukizwa kutoka wapi. Sisi Wanande tunaelewa upesi: ukisikia mtu anaitwa Kambale au Kasereka, unajua ni mtoto wa kiume wa ngapi kwa mama yake. Kazi hiyo ilisaidia kukata minyororo ya ugonjwa. Kuzifungia herufi kwenye sanduku kungeua watu, na mimi sitaki zifungiwe.

Lakini sheria inazikimbiza ikihema. Ng'ambo ya Semliki, kwa majirani zetu wa Bundibugyo, Uganda, ilizuka aina mpya ya Ebola mwaka 2007, na wanasayansi wa serikali ya Marekani wakaombea hataza kirusi hicho pamoja na maandishi yake. Mwaka 2013 mahakama ya juu ya Marekani ikatamka kwamba kipande cha DNA kilichotolewa tu mwilini si uvumbuzi wa mtu. Mkataba wa Nagoya wa 2010 unataka faida zigawanywe na nchi iliyotoa mmea au kijidudu, ila uliandikwa kwa ajili ya magunia, na damu ya binadamu haimo. Mkataba wa Geneva wa Mei 2024 unamtaka anayeomba hataza ataje kitu alichotumia kimetoka nchi gani. Herufi za kompyuta hazikutajwa. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Cali, mwaka huohuo, uliunda mfuko ambao kampuni zinazotumia herufi za viumbe zinaombwa kuuchangia. Zinaombwa, wanangu, hazilazimishwi.

Na sasa imekuja mashine inayojifunza. Imelishwa maandishi ya viumbe bila idadi, na inaweza kuchora umbo la kingamwili ambayo haijawahi kuwa katika damu ya yeyote. Hataza apewe nani? Afrika Kusini ilikubali mwaka 2021 ombi lililoitaja mashine kuwa mvumbuzi. Mahakama ya juu ya Uingereza, mwaka 2023, ikasema mvumbuzi lazima awe mtu. Mimi niko upande wa majaji hao, kwa sababu yangu mwenyewe: mashine haikuugua. Ilichokijua ilikijua kwa sababu mtu fulani, Guinea au Katwa, alinyoosha mkono akatolewa damu akiwa na homa.

Mei 2025 nchi za dunia zilipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko. Sehemu inayohusu nani atapata nini akitoa kirusi au herufi zake iliachwa ijadiliwe baadaye.

Yale maandishi 744 yako wazi. Yana tarehe na mahali palipotolewa damu, hayana majina, na ni vizuri hivyo. Wale watoto waliopakatwa na washindi sasa wanasoma shule ya msingi. Mmoja wao akifika mbele ya kompyuta siku moja, na ikiwa damu ya mama yake ilikuwa miongoni mwa zilizosomwa, ataweza kuufungua mstari huo na kuusoma wote, herufi kama 19,000, bila kujua kwamba ndio wenyewe.