Fahamu: Modeli moja ya runinga, vioo tofauti
Kenya, Tanzania na Uganda zikijiandaa kwa AFCON ya 2027, mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira kijijini Mwabungo anayetafuta runinga kubwa ya LCD asiangalie inchi na bei pekee. Aulize aina ya kioo. Cha VA hutoa weusi uliokolea, ila ukikaa pembeni rangi hufifia. Cha IPS, kilichoingizwa sokoni na Hitachi mwaka 1996, humridhisha hata aliyebanwa kwenye benchi la ukutani, ingawa gizani weusi wake huwa kijivu. Kwa kibanda, mimi ningechukua IPS. Tabu ni kwamba kampuni huweza kutia vioo tofauti ndani ya modeli ileile, na boksi lisiseme. Dukani iwashwe runinga utakayoibeba, si ile ya maonyesho, kisha usimame kando.