Kondoo Anapozaa kwa Shida



Hapa Ngokolo, kama kwingineko Shinyanga, kondoo akishindwa kuzaa sababu hutafutwa siku ile ile. Mara nyingi ilianza miezi mitano nyuma, siku alipopandwa.

Mimba ya kondoo huchukua siku zipatazo 150, na sehemu kubwa ya uzito wa mtoto huongezeka katika wiki sita za mwisho. Jike aliyepandwa katikati ya Juni huzikuta wiki hizo Oktoba na Novemba, malisho yamekwisha, naye hufikia uchungu hana nguvu za kusukuma. Aliyepandwa katikati ya Septemba huzikuta Januari, majani yakiwapo. Wamasai humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo asipande kabla ya wakati. Sisi tunayemwacha zizini mwaka mzima tungefaa kuiga. Majike waliokwisha kupandwa mapema watengewe ngitili.

Dume naye atazamwe. Dorper, aliyezalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930, ana nyama nyingi, lakini kumpandisha kwa jike mdogo wa kienyeji, tena wa uzao wa kwanza, ni kumtafutia jike taabu.

Mtoto hutangulia kwato mbili za mbele, pua ikiwa juu yake. Chupa ikipasuka na saa moja ikapita bila mtoto kuonekana, au kichwa kikatoka bila miguu, aitwe bwana mifugo. Mikono mitupu isiingizwe, kwani yako magonjwa ya kutupa mimba yanayoambukiza binadamu.

Makatibu wawahimize wanachama kuandika tarehe za kupandisha.