Uvimbe wa chini ya sikio si matubwitubwi siku zote

Mtoto akiamka shavu limevimba chini ya sikio, kila mzazi anajua la kusema: matubwitubwi. Huzuiwa nyumbani, hupewa uji, na baada ya siku chache uvimbe hunywea. Lakini mtu mzima akigusa mahali hapo hapo akakuta kinundu kisichouma, kisichonywea, kinachokua polepole mwezi hadi mwezi, jina hilo la utotoni halimfai tena. Hapo ndipo wengi wanapochelewa, kwani kitu kisichouma hakimnyimi mtu usingizi wala hakimzuii kwenda kazini.

Mahali hapo pana tezi ya mate. Mwanadamu anazo jozi tatu kubwa za tezi hizo: moja mbele ya masikio, ya pili chini ya taya, na ya tatu chini ya ulimi. Nyingine ndogo sana, mamia kwa mamia, zimetawanyika kinywani na kooni. Kwa pamoja hutoa kama nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku.

Yafaa tuseme mapema, ndugu msomaji, ili mtu asiliweke gazeti chini kwa hofu: saratani ya tezi hizi, au kansa kama wengi tunavyoiita, ni ugonjwa wa nadra. Katika kila vivimbe 100 vya tezi ya mbele ya sikio, kama 80 si saratani. Ajabu ni kwamba kadiri tezi ilivyo ndogo ndivyo wasiwasi unavyozidi. Kwa tezi ya chini ya taya, karibu nusu ya vivimbe huwa ni saratani. Na kwa zile za chini ya ulimi, walio wengi huwa nayo.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo daktari hulitafuta anapopitisha vidole vyake shingoni mwa mgonjwa, hata kama mgonjwa amemwonyesha shavu tu. Mwilini mna mishipa myembamba inayokusanya majimaji yaitwayo limfu na kuyarudisha katika damu. Njiani majimaji hayo hupita katika tezi za limfu, mithili ya malori yanayosimama kwenye mizani ya barabarani ili yakaguliwe. Ndizo hizo ambazo zikivimba kinenani kwa sababu ya kidonda cha mguu tunaziita mitoki. Seli za saratani zikibanduka kutoka tezi ya mate hufuata njia hiyo hiyo, na mara nyingi kituo cha kwanza ni shingo. Tezi ya mbele ya sikio ina tezi za limfu hata ndani yake yenyewe.

Kufika au kutofika kwa saratani katika vituo hivyo hubadili sana matumaini ya mgonjwa. Hesabu za Marekani zaonyesha kwamba saratani ikikutwa bado imo ndani ya tezi ya mate peke yake, wagonjwa zaidi ya 90 katika kila 100 huvuka miaka mitano. Ikiwa imekwisha kuingia katika tezi za limfu au sehemu za jirani, wanaovuka ni kama theluthi mbili. Ikifika mapafuni au mifupani, idadi hushuka chini ya nusu. Hesabu hizi ni za watu wengi kwa pamoja, wala hazimhukumu mtu mmoja. Madaktari huangalia pia ni tezi ngapi za limfu zimeingiliwa, ukubwa wake, na kama saratani imepasua ganda la tezi na kutokea nje. Mwenye tezi moja ndogo iliyoingiliwa hayumo katika hatari sawa na mwenye tano.

Aina ya saratani nayo ina neno lake. Zipo aina kali ambazo hukimbilia shingoni mapema, na ipo moja ya pole ambayo ni nadra kuigusa shingo, lakini hutambaa kando ya mishipa ya fahamu na huweza kujitokeza mapafuni baada ya miaka kumi au zaidi. Mwenye aina hiyo hapaswi kuacha kliniki kwa kuwa shingo yake i safi.

Mwezi Julai mwaka 2009 mwanamuziki Adam Yauch wa New York, mmoja wa watatu wa kundi la Beastie Boys, aliwatangazia wapenzi wa muziki wake kwamba amekutwa na saratani katika tezi ya mate, na kwamba tezi moja ya limfu imeingiliwa pia. Kabla ya hapo alikuwa amehisi kinundu tu, kama tezi zinavyovimba mtu akiwa na mafua. Alifanyiwa upasuaji, akatibiwa kwa mionzi. Alifariki tarehe 4 Mei 2012, akiwa na umri wa miaka 47.

Kwetu kuna kizuizi kingine, nacho ni imani kwamba uvimbe ukiguswa na chuma "hukasirika". Ni kweli kwamba kuchanjwa uvimbe wa shavu kwa wembe na mtu asiye na ujuzi ni hatari, maana mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita katikati ya tezi hiyo. Lakini sindano nyembamba ya hospitali, inayovuta seli chache zikapimwe, ni kitu tofauti kabisa. Kuichelea ni kuupa ugonjwa muda. Uvimbe uliopita majuma matatu haufai kungojewa; na uso ukianza kulegea upande mmoja, au uvimbe ukianza kuuma, au kinundu cha pili kikitokea shingoni, mtu asingoje hata mwisho wa mwezi.

Matibabu makubwa ni upasuaji. Tezi yenye ugonjwa hutolewa, na inapolazimu tezi za limfu za shingo hutolewa pia. Mara nyingi mionzi hufuata, siku tano kwa juma kwa muda wa majuma sita hivi. Kwa Tanzania huduma hiyo hupatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Kwa mfanyakazi wa Mbeya au Songea maana yake ni mwezi na nusu mbali na nyumbani, ruhusa ya mwajiri, na ndugu wa kumpokea. Mambo hayo yazungumzwe na jamaa mapema, kabla tarehe ya kwanza haijapangwa, kwa sababu mionzi ikikatizwa katikati nguvu yake hupungua.

Wengi hurudi nyumbani wakiwa na kinywa kikavu, na chupa ya maji huwa haiwaondoki. Wengine, jambo linalowashangaza watoto mezani, hutokwa jasho shavuni kila wanapokula, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu iliyokuwa ikiiamuru tezi itoe mate imeota upya na kujiunga na ngozi. Halidhuru, kitambaa mfukoni chatosha, na anayesumbuka zaidi amweleze daktari wake siku ya kliniki.