Tuwapige Picha Wazazi Wetu Jua Linaposhuka

Katika misiba mingi tunayohudhuria hapa Same na huko milimani Upare, kuna jambo linalojirudia. Jeneza likiwa tayari, familia huanza kuhangaika kutafuta picha ya marehemu. Simu zinapekuliwa, albamu zinafunuliwa, na mwisho wake hukuzwa picha ndogo ya kitambulisho. Mama amekaza uso na macho ameyatoa, kama mtu aliyeamshwa usiku kwa kurunzi. Au hupatikana picha ya harusi aliyosimama nyuma ya watu kumi, nayo hukatwa, na bega la jirani hubaki pembeni. Wajukuu wakiitazama husema, "Mbona bibi hakuwa hivi?"

Wanasema kweli. Na baada ya mazishi hatuwezi tena kumwomba aketi tumpige nyingine.

Siku hizi ni ukoo gani usio na kijana mwenye simu yenye kamera? Chombo tunacho. Tunachokosa ni kukumbuka mapema, na kujua saa. Hivyo tumeona vema tuzungumze na akina mama wenzetu juu ya picha nzuri ya mzazi, inayopigwa nje, bila taa yoyote, kwa jua la jioni ambalo Mungu hutupa bure.

Kwa nini jioni?

Saa sita mchana jua letu huwa karibu na utosi. Paji la uso linang'aa, macho yanazama katika vivuli, na chini ya pua na kidevu panakuwa peusi. Mzee naye hukunja uso. Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunajua kwamba wazee wengi wana mtoto wa jicho, na mwanga mkali huwasumbua sana. Ndiyo sababu katika picha za mchana huonekana kama wamekasirika.

Jioni mambo hubadilika. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, na inayobaki kwa wingi ni ya manjano na nyekundu. Mwanga huo huja kwa ubavuni, ni mpole, na mzee anaweza kufumbua macho yake bila taabu.

Lakini hausubiri mtu. Huku karibu na ikweta jua huteremka karibu wima na kuondoka upesi. Hapa Same huchwa karibu saa 12:20 jioni mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa 12:50 katikati ya Februari. Saa moja kabla ya hapo ndiyo saa ya kupiga picha. Ikifika saa 11:15, mama awe ameshaoga, amevaa, na kiti kiko uani.

Uko upande gani wa mlima?

Kwetu Upare jambo hili ni la muhimu. Wanaoishi upande wa magharibi, kama Same mjini, Makanya na Hedaru, wana tambarare mbele yao, na jua huwaangazia mpaka dakika za mwisho. Wakati wa kiangazi vumbi la hewani huongeza wekundu wa mwanga.

Wanaoishi upande wa mashariki, kama Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, jua huwajificha nyuma ya mlima mapema, mara nyingi hata kabla ya saa 12. Wao waanze saa 10 na nusu. Kivuli cha mlima kikishafika, wasikate tamaa. Wamgeuze mzee atazame mashariki, kwenye anga wazi ya upande wa Mkomazi. Anga hiyo hutoa mwanga laini unaoenea usoni pote sawasawa, ingawa hauna ule wekundu wa jua.

Walioko juu milimani, kila bonde lina saa yake. Siku moja kabla, angalia jua linaondoka saa ngapi uani kwenu. Na ukungu ukishuka kutoka Shengena, usiahirishe. Mwanga wa mawingu ni mzuri kwa sura ya mtu mzima.

Namna ya kumketisha

Mwekee kiti chenye egemeo, mahali pasipo na upepo. Usimwambie alitazame jua. Mgeuze kidogo ili mwanga umguse shavu moja na kufifia taratibu kuelekea la pili. Kama jua bado ni kali, mketishe barazani, ndani kidogo ya kivuli, akitazama uani.

Nyuma yake pawe patulivu: migomba, mlango wa mbao au ukuta wa udongo. Ondoa ndoo na kamba ya nguo.

Nawe usisimame ukamtazama kwa juu kama mtoto anayekemewa. Kaa au piga goti, simu iwe sawa na macho yake. Usimsogelee mno, kwa maana simu ikiwa karibu hukuza pua. Rudi nyuma hatua mbili au tatu, ndipo uvute picha kidogo. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya vidole huleta ukungu kwenye picha.

Uso wake, rangi yake

Wengi wetu tuna picha za zamani ambazo wazazi wetu wanaonekana weusi tii, meno na macho tu. Kosa halikuwa la ngozi zao. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke Mzungu. Ni katika miaka ya 1990 ndipo ilipotoa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Simu nayo hudanganyika. Ukimweka mama mbele ya ukuta mweupe au anga inayong'aa, kamera huona mwanga umetosha, ikautia uso giza. Dawa yake ni kugusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo. Uso ukiwa bado na giza, mtu ashike shuka jeupe karibu na magoti yake, nalo litarudisha mwanga usoni. Zima flashi.

Tena tuzime ule urembo wa simu unaong'arisha ngozi na kufuta makunyanzi. Mama aliyepanda tangawizi Mamba na kubeba kuni miaka hamsini, makunyanzi yake ndiyo historia yake. Tusiyafute.

Tumheshimu kwanza

Msalimie, kisha mwombe ruhusa na umweleze picha ni ya nini. Wazee wengine hushtuka wakidhani tunawaandalia msiba. Mwambie ukweli: wajukuu wanataka kumwona. Akikataa, iwe basi. Mgonjwa kitandani tusimpige picha. Tusubiri apate nafuu, achague kanga au gauni alipendalo, ajifunge kilemba chake mwenyewe.

Usimwambie "cheka". Muulize habari za arusi yake, au nani alimfundisha kupika makande. Akizama katika kusimulia, piga, na uendelee kupiga. Robo saa inatosha. Milimani jioni kuna baridi, umpe shuka la mabegani na chai.

Picha isibaki kwenye simu

Simu huibiwa na huharibika. Safisha picha mbili au tatu studio, na kila mtoto apewe yake. Nyuma andika kwa penseli laini jina kamili, kijiji na mwaka. Wamisionari wa Leipzig waliofanya kazi Upare mwanzoni mwa miaka ya 1900 walipiga picha nyingi ambazo zimehifadhiwa mpaka leo, lakini baadhi zina maelezo tu kwamba ni mwanamke au mtoto wa Kipare. Alikuwa mama wa mtu, naye alikuwa na jina.

Vikundi vya akina mama kanisani vinaweza kuifanya kuwa huduma. Chagueni jioni moja ya Jumapili, mwende kwa wajane na wazee wasio na watoto karibu, na kijana mmoja mwenye simu nzuri. Mshinde nao, msali nao, mwapige picha, na juma linalofuata muwapelekee ikiwa imesafishwa. Umoja wa Mataifa uliiteua tarehe 1 Oktoba kuwa siku ya wazee, lakini hatuna haja ya kuingojea.

Na sisi akina mama wenyewe, ambao daima ndio tunaoshika simu ili wengine wapigwe, tukubali siku moja kuketi kwenye kile kiti. Watoto wetu watatutafuta pia. Mungu akubariki, na mfikishie mama salamu zetu.