Si kila mkono unaokanda unaponya

UKIFIKA Kikuubo, katikati ya jiji la Kampala, kabla jua halijapanda, utaona jinsi biashara yetu inavyobebwa mgongoni. Vijana wanashusha marobota ya mitumba, katoni za sabuni na magunia ya mchele, kisha wanapenya nayo vichochoroni huku wakipiga kelele wapishwe njia. Hatua chache kutoka hapo, kwenye stendi za mabasi, mama anayekwenda Busia au Mutukula anapanga mizigo miguuni na kujikunja kitini kwa saa nne au tano.

Kazi zao ni tofauti, lakini jioni wanalalamika kwa sauti moja: shingo imekaza, mabega ni mazito, kiuno hakikunjiki. Kilio hicho hicho utakisikia kwa aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ugenini na kushika jembe upya. Wala hawako peke yao. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wakiishi na maumivu ya kiuno.

Wengi hukimbilia vidonge au sindano ya diclofenac. Dawa hiyo hupunguza maumivu kweli, lakini ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Wengine hutafuta mtu wa kuwakanda. Wenyeji wa mjini huita masaji. Sisi tuliorudi na Kiswahili cha ukimbizini tunasema kukanda au kuchua. Makala hii inahusu aina moja ya ukandaji inayotumiwa na wataalamu wa tiba ya viungo: kulegeza utando wa misuli, au tiba ya miofashia.

Utando huo ni upi?

Ndugu msomaji, umewahi kusimama buchani ukamwangalia muuzaji akitenganisha mnofu na mnofu. Kati yake kuna ngozi nyembamba, nyeupe, inayong'aa, ambayo kisu huichana kwa shida. Hiyo ndiyo fashia. Nasi binadamu tunayo. Imefunika kila msuli, imepita ndani ya misuli yenyewe, na imeiunganisha kutoka kisogoni hadi kwenye nyayo. Neno "mio" asili yake ni Kigiriki, maana yake msuli. "Fashia" ni la Kilatini, maana yake mkanda au bendeji.

Utando huu una tabaka kadhaa, na kati ya tabaka hizo kuna ute unaozisaidia kuteleza. Pia umejaa ncha za neva, ndiyo maana unaweza kuuma. Mtu akibeba mzigo upande mmoja kila siku, au akikaa kitini bila kujinyoosha, sehemu hizo huwa ngumu na mwendo hupungua. Mara nyingi utapapasa bega ukakuta kifundo kidogo. Ukikibonyeza, maumivu huruka hadi kichwani au mkononi.

Aliyevifanya vifundo hivyo vijulikane sana ni daktari wa Marekani, Janet Travell. Alimtibu John F. Kennedy maumivu ya mgongo, na mwaka 1961 akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa rais katika Ikulu ya nchi hiyo. Mwaka 1983 yeye na mwenzake David Simons walichapisha kitabu kikubwa kinachoonyesha vifundo hivyo na mahali maumivu yake yanaporukia.

Nguvu nyingi za nini?

Wakandaji wengi wa mitaani huamini kwamba mteja asipopiga kelele hajatibiwa. Tiba ya miofashia inakwenda kinyume. Mtaalamu huweka kiganja au vidole bila mafuta mengi, ili mkono usiteleze, halafu hugandamiza polepole na kuvuta kidogo. Hapo hutulia, dakika moja na nusu, mbili, hata zaidi, akisubiri sehemu hiyo ilegee yenyewe. Kisha humtaka mgonjwa ainue mkono au ainame, waone kama mwendo umeongezeka.

Zamani ilidhaniwa kwamba mkono unaunyoosha utando kama mtu anyooshavyo ngozi ya ngoma. Hesabu za watafiti zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba tando nene, kama ule wa nje ya paja na wa kwenye nyayo, zinahitaji nguvu kubwa mno kunyooka hata kidogo, nguvu ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuitoa bila kuumiza. Hivyo wataalamu wengi sasa wanaona kwamba nafuu hupitia kwenye neva: mgandamizo wa taratibu huutuliza mwili, nao msuli huacha kujikaza. Anayekupanda mgongoni kwa magoti, basi, hakusaidii zaidi ya anayekushika kwa utulivu.

WHO nayo, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, imeikubali masaji kama mojawapo ya tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mwongozo huo haukupendekeza matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno, wala dawa za jamii ya afyuni, ambazo tramadol ni mojawapo. Wanaovaa mikanda hiyo wakidhani inawapa kiuno kipya, wasikie hilo.

Wapi, na kwa nani?

Hospitali ya Mulago ina historia ndefu katika kazi ya viungo. Katika miaka ya 1960 Profesa Ronald Huckstep aliwahudumia hapo watoto walioathiriwa na polio, akisisitiza vifaa vya kutembelea vya bei nafuu vinavyoweza kutengenezwa hapa hapa. Leo tiba ya viungo inafundishwa nchini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Wataalamu wake wanapatikana katika hospitali kubwa, za serikali na za binafsi.

Kabla hujalala kitandani kwa mtu, muulize amesomea wapi na kama ameandikishwa. Mtaalamu wa kweli atakuuliza maswali kabla ya kukugusa: maumivu yalianza lini, una homa, umeanguka? Atakufundisha pia mazoezi ya nyumbani. Anayekuahidi kukuponya kwa siku moja, au anayetaka urudi kila wiki bila mwisho, mwogope. Nao abayunzi wetu, ambao kazi yao ni kuunga mifupa, wasigeuzwe waganga wa kila kinachouma.

Asiye na nauli ya hospitali anaweza kuanza na mpira wa tenisi. Simama, uweke kati ya ukuta na mgongo, pembeni ya uti, uegemee mpaka usikie maumivu yanayovumilika. Pumua taratibu kwa dakika moja au mbili, kisha usogeze. Usiuweke juu ya mfupa wa uti wa mgongo, wala usigandamize shingo kwa mbele.

Maumivu yasiyokandwa

Hapa ndipo penye hatari, na hasa kwa wasafiri. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma baada ya safari ndefu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukikandwa, bonge hilo linaweza kung'oka na kwenda mapafuni, na mtu akafa ghafla.

Pili, kuna usaha unaojificha ndani ya msuli. Ugonjwa huu unajulikana sana katika nchi za joto, na madaktari wa Uganda waliuandikia tangu miaka ya 1960. Huanza kama msuli uliokaza tu, kisha hufuata homa na uvimbe. Dawa yake ni kupasuliwa usaha utoke na kupewa antibiotiki, si kukandwa.

Tatu, maumivu ya mgongo yanayoambatana na kukonda, jasho la usiku na homa za mara kwa mara yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nne, ukishindwa kuzuia haja, au ukifa ganzi kati ya mapaja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kifua kinachobana huku maumivu yakishuka mkono wa kushoto, usikipeleke kwa mkandaji. Huenda ni moyo.

Tuuangalie na mzigo

Hata mkono wenye ujuzi hauwezi kushindana na mzigo unaorudi kila asubuhi. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliotoka pwani kwenda bara, kwa kawaida walibeba kilo 30 hivi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Leo kijana anatwishwa gunia la mahindi la kilo 100, na tajiri wake anasimama pembeni akihesabu magunia, si migongo.

Mfanyabiashara anaweza kupunguza balaa hili kwa njia ndogo. Fungasha mizigo miwili midogo badala ya mmoja mkubwa. Lipia toroli, au watu wawili. Basi likisimama Namawojjolo au Lukaya, shuka ukanunue kuku au nyama mwenyewe badala ya kuletewa dirishani; hizo hatua ishirini ni tiba pia.

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hawakusema Mnyamwezi hana kiuno.